Mdomo Ulipokataa Kupuliza Jiko

Jirani yangu mmoja hapa Tanga, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Maandazi, aliamka saa kumi na moja alfajiri kama siku zote, akatia mkaa jikoni, akainama kupuliza. Pumzi ikamtoka kwenye pembe ya mdomo, upande wa kulia, kama tairi ya baiskeli iliyotoboka. Akapuliza tena, hata majivu hayakutikisika. Akadhani ni usingizi. Alipokwenda kusukutua, maji yakammwagikia kwenye kanga. Ndipo alipowasha tochi ya simu, akajitazama kwenye kioo, kisha akaja kunigongea dirisha.

"Jirani, hebu nitazame. Uso wangu una nini?"

Nikamwambia acheke kidogo. Upande wa kushoto ukacheka. Wa kulia ulitulia tuli, shavu limelegea, jicho limekodoka halipepesi.

Jua halijachomoza, hukumu tatu zilikwisha kutolewa. Mama mkwe wake alisema ni upepo: juzi alirudi kutoka Muheza kakaa dirishani kwenye basi, kioo wazi njia nzima. Shemeji yake akasema hicho ni kiharusi. Mpangaji wa chumba cha uani akanong'ona kwamba maandazi yake yanauzika mno, kuna mtu kamtupia kitu. Siku ya kwanza ikaenda kwa kukandwa mafuta ya nazi ya moto. Ya pili akaletewa kombe, na nusu yake ikamwagikia kifuani kwa kuwa midomo haikushika kikombe. Sina ugomvi na kombe. Na mimi mwenyewe, ninayeandika mambo ya afya kwenye magazeti, ndiye niliyesema "tusubiri mpaka kesho". Lakini kwa ugonjwa huu saa huhesabiwa, na tulizitumia 48 kati ya 72 zenye thamani kubwa kuliko zote.

Alichopata ni kupooza kwa mshipa wa fahamu wa uso. Madaktari hukiita kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Edinburgh, aliyeandika juu ya mishipa ya uso mwaka 1821. Sifa hiyo alipaswa kugawana na wengine. Karne 9 kabla yake, al-Razi, tabibu wa Uajemi, alikwisha kuueleza ugonjwa wa uso kupinda katika kitabu chake kikubwa cha tiba, al-Hawi. Waarabu wa kale waliuita lakwa. Ndugu zetu walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba huko husikia watu wakisema fulani kapatwa na "mshipa wa saba", na jina hilo ndilo lililonyooka kuliko yote, maana mshipa wenyewe kweli ni wa saba kati ya jozi 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo.

Si ugonjwa wa ajabu. Katika kila watu 100,000, kati ya 15 na 30 hivi huupata kila mwaka. Ukichukua maisha yote, ni kama mtu 1 kati ya 60. Humpata kijana na mzee, mwanamke na mwanamume. Wajawazito, hasa miezi mitatu ya mwisho, na wenye kisukari wako karibu nao zaidi.

Upepo wa basi haukufanya kitu. Anayeshukiwa zaidi alikuwa ndani ya Mama Maandazi tangu utotoni.

Wengi wetu tunavijua vile vipele vya maji vinavyotoka pembeni mwa mdomo baada ya homa au uchovu mkubwa, vile watu husema "homa imemtokea mdomoni". Vinaletwa na kirusi kiitwacho hepesi simpleksi aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu theluthi mbili ya watu wote wenye umri chini ya miaka 50 wanacho. Tunakipata tukiwa wadogo, kwa busu la shangazi au kikombe cha pamoja, na wengi hatujui hata siku kilipoingia. Kikishaingia hakitoki. Hupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu na kujificha kwenye mafundo ya mishipa hiyo, kimelala. Mwili ukidhoofika, kwa maradhi mengine, kukosa usingizi au msongo wa mawazo, kinaweza kuamka.

Mshipa wa saba una fundo lake ndani ya mfupa, jirani na sikio. Na hapo ndipo penye balaa. Kutoka kwenye ubongo mpaka unapochomoza nyuma ya ndewe ya sikio, mshipa huu hupita kwenye kijia cha mfupa chenye urefu wa sentimita 3 hivi, na mahali penye wembamba zaidi kijia hicho hakifiki hata milimita 1 upana. Kirusi kikiamka, mshipa huvimba. Mnazijua pete za ndoa za watu walionenepa: kidole kikivimba, pete haitanuki, na damu huanza kupita kwa shida. Mfupa ndio pete. Mshipa uliobanwa unakosa damu, amri za ubongo zinakwama humo, na nusu ya uso inalala.

Mshipa huo haubebi tabasamu peke yake. Hubeba ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, ndiyo maana Mama Maandazi alilalamika chai haina sukari wakati aliitia vijiko vitatu. Huamuru tezi la machozi. Huendesha pia kimsuli kidogo ndani ya sikio kinachopunguza sauti kubwa. Kikilegea, adhana ya msikiti wa jirani huingia sikioni kama kipaza sauti kimewekwa kitandani. Na siku moja au mbili kabla ya uso kupinda, wengi huhisi maumivu nyuma ya sikio. Yeye alidhani kalalia shingo vibaya.

Ushahidi dhidi ya kirusi hicho ni mzito, ingawa kesi haijafungwa. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walichunguza majimaji ya mshipa wa wagonjwa waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa kuulegeza, na katika wagonjwa 14 wenye kupooza kwa Bell walikuta chembe za urithi za kirusi hicho kwa 11. Hata hivyo, kitu ambacho theluthi mbili ya watu wanatembea nacho ni vigumu kukitia hatiani kwa kila aliyepinda uso. Kwa hiyo vitabu vya tiba bado vinaandika "chanzo hakijathibitishwa". Msomaji asishangae daktari wake akisema hivyohivyo.

Kirusi cha pili hakina utata wowote, na ni kikali zaidi. Ni kile cha tetekuwanga. Tetekuwanga ikipona, kirusi nacho hulala kwenye mafundo ya mishipa, na miaka mingi baadaye huamka kwa sura ya mkanda wa jeshi. Mkanda ukitokea kifuani au kiunoni kila mtu anautambua. Ukiamkia kwenye mshipa wa saba, malengelenge hutoka ndani au pembeni mwa sikio, wakati mwingine kwenye kaakaa, na uso wa upande huo hupooza. Maumivu ya sikio huwa makali, na mara nyingi huja na kizunguzungu, mlio sikioni na usikivu kupungua. Hali hii inaitwa kwa jina la James Ramsay Hunt, daktari Mmarekani aliyeieleza mwaka 1907. Ndiyo iliyompata mwanamuziki Justin Bieber mwezi Juni 2022, alipojirekodi video akiwaonyesha mashabiki jicho lisilopepesa na pua isiyosogea upande mmoja, na kuahirisha maonyesho yake.

Kwa hiyo mtu akipinda uso, mtazameni sikio. Chukueni tochi, mvute ndewe taratibu, mtazame tundu, nyuma ya ndewe, na ndani ya kinywa. Ukiona vipele vya maji, mwambie daktari hata kama hakuuliza. Malengelenge hayo yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuipata. Mjamzito na mtoto mchanga wakae mbali nayo mpaka yakauke. Uso uliopinda wenyewe hauambukizi mtu. Kuleni naye sinia moja kama kawaida.

Liko jambo la tatu linalosemwa kwa sauti ya chini kwenye nchi zetu, na mimi naona lisemwe kwa sauti ya kawaida. Virusi vya UKIMWI navyo vinaweza kupooza mshipa huu, wakati mwingine katika wiki za mwanzo kabisa za maambukizi, mtu akiwa anajiona mzima. Mkanda wa jeshi kwa kijana pia ni dalili ya kuangaliwa. Ndiyo maana daktari mwangalifu atapendekeza kipimo cha VVU. Hajakutuhumu. Mama Maandazi alipoambiwa alikaribia kuondoka na kiatu kimoja mguuni. Akapima, majibu yakawa safi, lakini hata yangekuwa vingine angekuwa amegundua mapema jambo ambalo dawa zake zipo na ni bure. Na uso ukipooza pande zote mbili kwa pamoja, hilo si jambo la kusubiri: linahitaji uchunguzi mpana.

Sasa kiharusi, kwa sababu shemeji hakuwa mjinga. Uso uliopinda ghafla ni mojawapo ya dalili zake kuu. Tofauti ambayo daktari huitafuta kwanza iko juu ya jicho. Atamwambia mgonjwa anyanyue nyusi kama mtu anayeshangaa. Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Ubongo ukiumia upande mmoja, upande wa pili bado unalikunja paji. Lakini mshipa wenyewe ukiumia baada ya kutoka kwenye ubongo, amri zote hukatika, na nusu ya paji hulainika kana kwamba imepigwa pasi. Paji likikunjamana pande zote mbili huku mdomo umepinda, fikirieni kiharusi. Mkono au mguu ukilegea, ulimi ukiwa mzito kiasi cha kutoeleweka, mtu akichanganya maneno, akiona maluweluwe au akipata kichwa kikali cha ghafla, hiyo ni dharura: usafiri wa haraka kuliko wote, na msimpe chakula wala maji njiani.

Nimeeleza habari ya nyusi ili mwelewe daktari anatazama nini. Msiigeuze mahakama ya nyumbani. Viko viharusi vinavyoiga, na kuna maradhi mengine yanayopinda uso: usaha wa sikio la kati uliokaa muda mrefu, ukoma, uvimbe wa tezi la mate lililoko mbele ya sikio. Walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wana jingine la kuuliza, ugonjwa wa Laimu, unaoletwa na bakteria kwa kuumwa na kupe. Uso uliopinda kidogokidogo kwa wiki nyingi si kupooza kwa Bell, maana huku kunafika kilele ndani ya siku tatu tu. Anayetofautisha ni aliyesomea. Kazi yenu ni kumfikisha siku hiyohiyo.

Akifika, dawa yenye ushahidi ni moja: prednisoloni, vidonge vya kundi la steroidi vinavyoshusha uvimbe ili mshipa upumue ndani ya mfupa wake. Uskochi walifanya jaribio kwa wagonjwa 551 na kutangaza matokeo mwaka 2007. Wote walianza dawa ndani ya saa 72. Baada ya miezi 3, waliotumia prednisoloni walikuwa wamepona kabisa kwa asilimia 83. Wasioitumia, asilimia 64 hivi. Baada ya miezi 9 ilikuwa asilimia 94 dhidi ya 82. Hizo ndizo saa 72 nilizozisema. Aliyechelewa bado aende, yapo mengine ya kusaidiwa, ila faida ya kidonge hiki hupungua kadiri siku zinavyopita.

Jaribio hilohilo liliipima asiklovia, dawa ya kuzuia virusi vya hepesi, na haikuongeza kitu. Inashangaza, ikiwa mshukiwa ni kirusi. Huenda wakati uso unapinda kirusi kimekwisha kufanya kazi yake na kilichobaki ni uvimbe. Kwa hiyo dawa ya virusi peke yake si tiba ya kupooza kwa Bell. Madaktari wengine huiongeza juu ya prednisoloni pale kupooza kunapokuwa kukali. Kwa mkanda wa jeshi wa sikio ni kinyume: hapo dawa ya virusi hutolewa pamoja na steroidi, na mapema. Ndiyo sababu ya ile tochi.

Prednisoloni haipaswi kununuliwa dirishani kwenye duka la dawa kwa kuhesabu vidonge. Inapandisha sukari, inapandisha presha, inachokoza vidonda vya tumbo, inaamsha kifua kikuu kilicholala. Mjamzito, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo waseme kabla ya kuandikiwa. Huliwa baada ya chakula, kwa siku alizopanga daktari, bila kukatisha. Watoto kwa bahati njema hupona vizuri hata bila kidonge hicho, na daktari anaweza kuamua kutowapa. Wao pia waonwe siku hiyohiyo.

Tuje kwenye jicho, maana uso uliopinda haupofushi mtu, ila jicho lisilofumba laweza. Mwambie mgonjwa afumbe: utaona mboni inapanda juu na weupe unabaki nje. Vumbi la barabara, moshi wa jiko na upepo wa feni vinakikausha kioo cha jicho usiku kucha, na kioo kikikauka huchubuka, kikichubuka huoza. Mchana atumie matone ya machozi bandia, kila saa au kila anapohisi mchanga jichoni, na avae miwani akitoka, hasa akipanda bodaboda. Usiku apakwe dawa nzito ya macho ya tyubu, halafu jicho lifungwe. Namna ya kulifunga ina ufundi wake: teremsha ukope kwa mgongo wa kidole mpaka ufumbe kabisa, uushike hapo, ndipo ubandike kipande cha plasta laini ya karatasi juu ya ukope, kwa ulalo. Usiweke pamba wala kitambaa chini ya plasta, kikigusa kioo cha jicho umefanya madhara uliyokuwa unayakimbia. Mtu wa nyumbani ndiye abandike siku za kwanza, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe haoni anachofanya. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, ni daktari wa macho siku hiyohiyo. Maziwa ya mama, chai ya rangi, majani yaliyopondwa: hapana, hata kidogo.

Kula nako ni kibarua. Ugali hujificha kati ya shavu lililolala na fizi, na mgonjwa hana habari nao mpaka unuke. Atafunie upande mzima, apitishe kidole na mswaki baada ya kila mlo, ashike mdomo kwa vidole akinywa. Mazoezi ya uso mbele ya kioo yana nafasi yake, polepole na kwa maelekezo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kutafuna bazoka kutwa nzima, kama wengi wanavyoshauri, hakusaidii: taya linaendeshwa na mshipa mwingine kabisa, ambao haujaumwa. Chale usoni nazo huacha makovu juu ya uso ambao mara nyingi ungepona wenyewe.

Kwa maana wengi hupona. Hata bila dawa, karibu 7 kati ya 10 hurudi kama walivyokuwa, na wengi huanza kuona dalili ndani ya wiki tatu: pembe ya mdomo inacheza, pua inasogea. Takwimu hii ndiyo humpa mganga sifa. Aliyekanda siku ya kumi na nane huonekana bingwa. Ikifika mwezi wa tatu au wa nne na uso haujatikisika hata kidogo, arudishwe hospitali kubwa, huenda kuna uvimbe uliojificha.

Wengine hupona nusu. Mshipa ulioumia huota upya, kama milimita 1 kwa siku, na hauna ramani. Nyuzi za mdomo zinaweza kujiunga na za jicho, kama fundi umeme aliyechanganya nyaya: unabonyeza swichi ya sebuleni, taa inawaka jikoni. Mtu anacheka, jicho linajifumba. Wengine wakila hutokwa na machozi upande mmoja. Yako mazoezi na sindano za kupunguza hali hiyo.

Na yako maneno ya watu. Wateja wawili walimwambia Mama Maandazi kwamba siku hizi anawabeza. Uso ndio ulikuwa unabeza, yeye alikuwa anahesabu chenji. Mwaka 1993 chama kimoja nchini Kanada kilitoa tangazo la uchaguzi likionyesha kwa karibu uso uliopinda wa mpinzani wao, Jean Chrétien, ambaye kupooza kwa Bell kulimwachia mdomo wa upande tangu ujana. Wananchi walikasirika, tangazo likaondolewa haraka. Chama hicho kilichokuwa madarakani kilitoka kwenye uchaguzi na viti 2. Chrétien akawa waziri mkuu kwa miaka 10, na alipenda kutania kwamba yeye angalau anaongea kwa upande mmoja wa mdomo tu.

Mama Maandazi alianza vidonge jioni ya siku ya tatu, saa chache kabla ya mlango kufungwa. Wiki ya pili alinunua kipepeo cha ukili cha kuchochea jiko, kwa kuwa wateja hawasubiri mshipa uote. Wiki ya saba, alfajiri, nilimsikia akipuliza. Moto uliwaka. Nilipochungulia dirishani nikaona kila anapochongoa midomo, jicho lake la kulia linajifinya kidogo, kama anayemkonyeza mkaa. Kliniki wanamtaka tena mwezi ujao kwa ajili ya hilo jicho, na kipepeo kimetundikwa msumarini juu ya jiko.